Baraza la Mtaa wa 135

Jengo lenyewe si kubwa. Ni ghorofa tatu za mawe ya chokaa katika Mtaa wa 135, upande wa magharibi, Harlem, mjini New York. Msanifu wake, Charles McKim, alilichora kwa kuigiza majumba ya matajiri wa Italia ya kale, na lilifunguliwa mwaka 1905, likiwa moja katika makumi ya matawi ya maktaba ya umma yaliyojengwa kwa fedha za Andrew Carnegie, ambaye mwaka 1901 aliupa mji huo zaidi ya dola milioni 5 kwa kazi hiyo. Hakuna aliyelitarajia makubwa. Harlem ya siku zile ilikuwa mtaa wa Wazungu, wengi wao Mayahudi, na maktaba ilikuwa mahali pa kuazima kitabu na kurudi nacho nyumbani.

Haikupita miaka 15 wasomaji wakawa wengine kabisa. Watu Weusi walikuwa wakihama majimbo ya Kusini, wakiyakimbia magenge ya wanyongaji na umasikini wa mashamba ya pamba. Wengine walitoka visiwani: Jamaika, Barbados, Puerto Rico. Makanisa ya Wazungu yaliuza majengo yao na kuwafuata waumini wao kwingine. Maktaba haikuweza kuuzwa wala kuhama. Ilibaki pale pale, rafu zake zimejaa vitabu vilivyochaguliwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuondoka.

Mwaka 1920 aliletwa mkutubi mkuu mpya, Ernestine Rose, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa amefanya kazi katika mitaa ya wahamiaji upande wa kusini wa mji, ambako alijifunza jambo moja ambalo wakutubi wengi wa wakati wake hawakulijali: kwamba maktaba ni lazima iwafahamu watu wake kabla ya kudai kuwaelimisha. Mwaka huo huo aliajiriwa Catherine Latimer, mkutubi wa kwanza Mweusi katika Maktaba ya Umma ya New York. Mwaka 1921 akafuata Pura Belpré, binti wa Puerto Rico, ambaye wakazi waliozungumza Kihispania walimpokea kama ndugu. Belpré alikuja kuwa msimulizi mashuhuri wa hadithi za watoto. Kanuni ya maktaba ilitaka hadithi isimuliwe kutoka katika kitabu kilichochapishwa. Zile alizozisikia kwao utotoni hazikuwa katika kitabu chochote. Aliruhusiwa kuzisimulia hata hivyo, na mwaka 1932 ile ya kombamwiko Martina na panya Pérez ikatoka chapani. Yaani sauti ndiyo iliyotangulia, kitabu kikafuata, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote aliyekulia penye utenzi.

Baada ya hapo nyumba ile haikulala mapema. Mwaka 1921 palifanyika maonyesho ya sanaa za Weusi, na miongoni mwa waliojitolea kuyaandaa alikuwa Nella Larsen, muuguzi, ambaye baadaye alisomea ukutubi, akafanya kazi katika chumba cha watoto cha maktaba hiyo, kisha akaandika riwaya mbili, Quicksand mwaka 1928 na Passing mwaka 1929, ambazo zingali zikisomwa. Jioni palikuwa na mihadhara, mijadala ya vitabu, usomaji wa mashairi. Hubert Harrison, mhutubu aliyezoea kusimama juu ya sanduku kwenye pembe za barabara, alipata pale ukumbi wenye paa. Regina Anderson, mkutubi kijana, aliwatafutia waandishi mahali pa kuandikia, na chumba chake cha kupanga kikawa makao ya pili ya washairi.

Langston Hughes alifika Harlem mwaka 1921, kijana wa miaka kama 20, na shairi lake juu ya mito lilikuwa limekwisha kutoka katika jarida la The Crisis miezi michache kabla. Alipanga katika hosteli ya YMCA iliyokuwa mtaa huo huo. Katika kumbukumbu zake anaikumbuka maktaba ile na ukarimu wa Rose na Latimer. Kijana mgeni asiye na fedha ana mahali pachache pa kukaa pasipo kuulizwa anataka nini. Hapo palikuwa pamoja.

Thamani ya jambo hilo huonekana zaidi mtu akitazama Kusini. Richard Wright alisimulia katika Black Boy, kitabu cha mwaka 1945, jinsi alivyopata vitabu mjini Memphis ujanani mwake: aliazima kadi ya Mzungu mmoja aliyefanya naye kazi, akaghushi barua iliyojifanya imeandikwa na huyo Mzungu, akajifanya yeye ni tarishi tu asiyejua kusoma. Maktaba ya umma ilikuwepo, ila umma ulioruhusiwa haukumhusisha yeye. Hughes na Wright walitofautiana umri kwa miaka michache tu. Mmoja alikaribishwa kwa jina lake, mwingine aliingia kwa barua ya uongo.

Lakini ukarimu ulileta balaa lake. Vitabu vilivyohusu Weusi vilikuwa vichache, vingi havikuchapwa tena, na kila mmoja alivitaka. Viliazimwa, vikarudi, vikaazimwa tena, hata vikachakaa mikononi mwa watu, vingine havikurudi. Maktaba ilikuwa inasomwa hadi kuisha. Mwishoni mwa mwaka 1924 paliitishwa mkutano wa wananchi, na miongoni mwa waliojitokeza kuongoza shughuli hiyo walikuwa Harrison, mshairi James Weldon Johnson na mkusanyaji wa vitabu Arturo Schomburg. Uamuzi wao ulikuwa mgumu kwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuazima: vile adimu vikusanywe ghorofa ya juu, visomewe pale pale, visitoke. Mwezi Mei 1925 kitengo hicho kikafunguliwa, kikiitwa Kitengo cha Fasihi, Historia na Picha za Weusi, na Catherine Latimer akakabidhiwa.

Msomaji wa pwani, anayejua miswada ngapi imekaa sandukuni vizazi viwili vitatu, ikaja kufunguliwa na kukutwa vumbi la mchwa, huenda akaona huu ulikuwa uamuzi wa wazi. Haukuwa. Kitabu kinachokaa ndani hudumu, lakini hakimfikii mama anayerudi kazini usiku. Kinachotoka humfikia, kisha hakipo tena kwa mwanawe. Wakutubi wa Mtaa wa 135 walijaribu kuyashika yote mawili katika nyumba moja, chini kuazima na juu kuhifadhi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, aliyekuja kwa hili alijikuta akikutana na lile kwenye ngazi.

Schomburg anastahili kukaliwa kitako kidogo. Alizaliwa Santurce, Puerto Rico, mwaka 1874, akahamia New York mwaka 1891. Imesimuliwa mara nyingi kuwa mwalimu wake alimwambia watu Weusi hawana historia wala mashujaa. Iwe ilitokea hivyo hasa au la, maisha yake yote yalikuwa jibu la kauli hiyo. Hakuwa msomi wa chuo. Tangu mwaka 1906 alikuwa karani wa benki, katika idara ya barua, na mshahara wake ukaishia kwa wauza vitabu vya kale. Mwaka 1916 alichapisha orodha ya mashairi ya Wamarekani Weusi, kazi ya kuchosha isiyo na sifa, ambayo bila hiyo wengi wa washairi wale wasingejulikana hata kwa majina. Katika mkusanyo wake alikuwamo Phillis Wheatley, aliyevushwa bahari utotoni katika jahazi la watumwa hadi Boston mwaka 1761, na diwani yake ikachapwa London mwaka 1773. Alikuwamo Juan Latino, mtu Mweusi aliyefundisha Kilatini mjini Granada katika karne ya 16 na kutunga beti katika lugha hiyo. Zilikuwamo barua za Toussaint Louverture wa Haiti. Angalia jinsi ushairi unavyorudi rudi katika rafu zake: huyu mtu aliitafuta historia ya watu wake, na mara kwa mara alichokipata kilikuwa ni diwani.

Mwaka 1926 Shirika la Carnegie liliununua mkusanyo huo kwa dola 10,000 na kuukabidhi kwa maktaba: vitabu zaidi ya 5,000, miswada 3,000, picha za kuchongwa 2,000, na maelfu ya vijitabu. Kwa hiyo mali ya Carnegie, mwenyewe akiwa ameshafariki tangu 1919, ilijenga nyumba na kisha ikanunua cha kuwekwa ndani. Bei ilikuwa ndogo. Schomburg aliichukua akafunga safari ya Ulaya, akaanzia Hispania, kutafuta vingine.

Mwaka 1932 alirudi katika nyumba ile akiwa mhifadhi wa mkusanyo wake mwenyewe, akabaki hapo hadi kifo chake mwaka 1938. Hapa ndipo wasifu nyingi hupita haraka. Kitengo hicho kilikuwa na msimamizi kwa miaka 7. Alikuwa Latimer, mkutubi aliyesomea kazi yake, naye akawekewa mtu juu yake. Sifa za Schomburg ni za haki, na jina lake ndilo lililobandikwa kwenye mkusanyo mwaka 1940. Hata hivyo kukusanya ni kazi moja, na kumfanya mgeni aliyeingia kutoka barabarani akipate anachokitafuta ni kazi nyingine, na hii ya pili ilifanywa zaidi na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote.

Juu ya namna alivyowapokea vijana, shahidi yupo. John Henrik Clarke, aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, alifika Harlem mwaka 1933 akiwa na miaka 18. Alipenda kusimulia kuwa alimwendea Schomburg akitaka afundishwe historia yote ya watu wake papo hapo, naye mzee akamwambia aketi kwanza, asome historia ya Ulaya, kwani ile anayoitafuta ni kurasa zilizokosekana katika historia ya dunia, na hatajua zimekosekana wapi mpaka akisome kitabu kilichobaki.

Wakati huo ukutani pangeweza kuonekana michoro minne ya Aaron Douglas, iliyokamilika mwaka 1934, ikianza Afrika na kuishia mjini, katikati ya majengo marefu na mpiga saksafoni. Chini ya ardhi, katika ghorofa iliyokuwa stoo na ukumbi, ilikuwapo michezo ya kuigiza. W. E. B. Du Bois alikuwa ameanzisha huko kundi la Krigwa, onyesho lake la kwanza likawa mwaka 1926, kwa sharti kwamba tamthilia iwahusu Weusi, iandikwe nao, ichezwe kwa ajili yao, na karibu na wanapoishi. Kundi lile halikudumu. Mwaka 1929 likazaliwa jingine, Regina Anderson akiwa mmoja wa wakunga wake. Mchana aliwagawia watu vitabu, na kwa jina la kubuni aliandika tamthilia juu ya kunyongwa kwa mtu Mweusi. Mwaka 1940 wakaja Abram Hill na Frederick O'Neal na American Negro Theatre. Tamthilia yao ya Anna Lucasta ilitoka katika ukumbi ule wa chini ya maktaba mwaka 1944 ikaenda moja kwa moja Broadway. Sidney Poitier alijifunza uigizaji kwa kundi hilo, ada yake ikiwa ni kufagia. Harry Belafonte naye alianzia hapo.

Na palikuwa na mtoto aliyezaliwa Harlem mwaka 1924, mkubwa katika watoto tisa, ambaye alikwenda katika maktaba hiyo mara tatu au nne kwa juma na kudai baadaye kuwa alisoma kila kilichokuwamo. Jina lake James Baldwin.

Nyumba ikawa finyu. Mwaka 1942 jengo jipya la kuazimia likafunguliwa nyuma yake, Mtaa wa 136, juu ya kiwanja kilichokuwa na jumba la A'Lelia Walker, tajiri aliyewafungulia waandishi sebule yake mwaka 1927 na kuiita kwa jina la makala za mshairi Countee Cullen. Jumba lilibomolewa, lakini mwaka 1951 maktaba hiyo ikapewa jina la Cullen mwenyewe, kwa hiyo mshairi amerudi kiwanjani kwa mlango mwingine. Mkusanyo ulibaki katika jengo la zamani hadi mwaka 1980, ulipopata jengo lake jirani. Chini ya sakafu ya ukumbi wa jengo hilo, mwaka 1991, yaliwekwa majivu ya Langston Hughes, aliyefariki mwaka 1967, na juu yake ikachorwa mito. Siku hiyo Maya Angelou na Amiri Baraka walicheza ngoma juu ya sakafu hiyo.

Latimer alistaafu mwaka 1946, akafariki mwaka 1948. Mojawapo ya kazi zake za kila siku ilikuwa kukata makala za magazeti zilizowataja Weusi, kuzibandika na kuzipanga kwa mada, kwa kuwa gazeti la leo kesho hufungiwa samaki. Mkato ulioanza mwaka 1925 uliendelezwa na wengine hadi mwaka 1974, kisha ukapigwa picha katika filamu ndogo ndogo zilizonunuliwa na vyuo vikuu vingi. Watafiti wa leo wanaoandika juu ya Harlem ya miaka ile hulifungua faili hilo mapema.