Panoramio: walijenga kwenye kiwanja cha mtu

Leo historia kidogo, ila siyo Majimaji.

Mnaikumbuka Panoramio? Ilianzishwa Hispania mwaka 2005 na Joaquín Cuenca Abela na Eduardo Manchón. Unapiga picha ya mahali, unaibandika kwenye ramani palepale ulipoipigia. Zilizokubaliwa zilionekana hadi ndani ya Google Earth. Kwa sisi wa Kinjumbi hilo si dogo: kwenye ramani ile, Kilwa ilikuwa na haki sawa na Paris.

Google wakainunua mwaka 2007. Mwaka 2014 wakatangaza kuifunga, maana picha walitaka ziingie moja kwa moja kwenye Google Maps. Wanachama wakaja juu, Manchón naye akiwemo, ikaahirishwa. Tarehe 4 Novemba 2016 ikafungwa kweli.

Picha zao waliruhusiwa kuzichukua. Kilichopotea ni maongezi: huyu kamsahihisha yule jina la mahali, yule kampa huyu hongera. Jamani, picha bila maelezo ni chanzo nusu cha historia! Walijenga bure kwenye kiwanja cha mtu, mwenyewe akakitaka.

Basi walimu watarajiwa, ile picha ya bibi isafishe, nyuma andika jina, mahali na mwaka. Za kwenu mmeziweka wapi?