Somo Lisilotahiniwa

Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya, lakini mtoto wa darasa la saba aliendelea kufanya mtihani wake wa mwisho bila karatasi ya Kiswahili. Mwaka 1976 ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ilipendekeza somo hilo liwe la lazima na litahiniwe. Pendekezo likawekwa kabatini. Kipindi kilikuwepo kwenye ratiba, ila kila mtu shuleni hujua hatima ya kipindi kisicho na mtihani: mwenye somo linalohesabiwa hukiazima, na harudishi. Tume ya Mackay ya 1981 ndiyo iliyozaa mfumo wa elimu wa 8-4-4, na ulipoanza Januari 1985 Kiswahili kikawa cha lazima na cha kutahiniwa, msingi hadi sekondari. Agizo la rais halikuwa limefanya hivyo, wala ripoti ya Gachathi. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Kiswahili kimekuwa miongoni mwa masomo ya lazima. Leo mtahiniwa hufanya karatasi za Insha, Lugha na Fasihi, na kwa hiyo ya tatu lazima asome riwaya na tamthilia nzima. Soko la vitabu teule limesimama juu ya sharti hilo.

Atakayepinga ana hoja nzito. 8-4-4 hiyohiyo ililazimisha pia masomo ya ufundi, na KCSE ya kwanza, mwaka 1989, ikatahini masomo 10, bila taifa kujaa maseremala. Ni kweli. Tofauti ni gharama: Kiswahili kilihitaji mwalimu na kitabu, ufundi ulitaka karakana, na karakana zikaachiwa michango ya wazazi. Mzigo wa masomo ulipopunguzwa baada ya ripoti ya tume ya elimu ya Koech ya 1999, ufundi ulikuwa miongoni mwa vilivyotupwa mapema. Kwa hiyo sharti peke yake halitoshi, lakini bila sharti hata kilicho rahisi hakifanyiki.

Ndiyo maana kanuni ya 2023 inastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Sasa alama ya jumla ya KCSE huhesabu Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Wanaoitetea husema inamtendea haki mtoto ambaye lugha ya pili humwangusha, nami nakubali kuhusu alama. Ila mwanafunzi wa sayansi mwenye Kiingereza kizuri amekwisha kuambiwa kimyakimya kwamba Kiswahili kinaweza kusubiri. Wadau walipodai Hisabati isifanywe ya hiari katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, serikali ilirudi nyuma Aprili 2025. Kiswahili hakijapata watetezi wenye sauti kama hiyo, na walimu wake ndio wa kwanza kudaiwa sauti hiyo.