Nguo, Shanga na Waya: Elimu ya Ununuzi Katika Safari za Bara

Watu wengi wasomapo habari za misafara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 hudhani kwamba biashara ile ilikuwa nyepesi. Hudhani kuwa tajiri alijaza shanga na vitambaa katika magunia, akaenda zake bara, na wenyeji wa huko wakampa pembe za ndovu kwa sababu hawakujua thamani ya mali. Dhana hiyo si ya kweli. Tukizichunguza habari zilizoandikwa na wasafiri wa zama zile, twaona kinyume chake. Mnunuzi wa bara ndiye aliyetawala soko. Yeye alichagua, akakubali na akakataa. Na tajiri wa Unguja, hata mwenye kiwanda aliyekaa ng'ambo ya bahari, hakuwa na budi ila kumtii.

Kwanza yatupasa kufahamu hali ya safari yenyewe. Huko bara sarafu za pwani hazikuwa na kazi kubwa. Nguo, shanga na waya ndizo zilizokuwa fedha. Kwa hizo msafara ulinunua nafaka, ulilipa hongo kwa watawala wa njiani, uliwapa wapagazi posho yao, na mwisho wake ulinunua pembe. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa ratili 70 hivi, yaani frasila mbili. Kila mzigo ulikuwa na gharama ya mtu wa kuuchukua kwa miezi mingi. Kwa hiyo mzigo wenye mali isiyotakiwa ulikuwa hasara mara mbili. Na aliyekosea hesabu yake Unguja hakuweza kuisahihisha akiwa Ugogo, kwa maana duka lilikuwa nyuma yake kwa mwendo wa majuma mengi, na wapagazi walitaka chakula siku ile ile.

Basi wenye safari waliigawa mali yao katika makundi matatu, na kila kundi lilikuwa na elimu yake mbali.

Kundi la kwanza lilikuwa nguo. Iliyopendwa zaidi ilikuwa merikani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani. Ya pili ilikuwa kaniki, nguo ya buluu iliyokoza kutoka Bara Hindi. Baada ya hizo zilikuja nguo za rangi na za michirizi, nazo zilikuwa za aina nyingi, kila moja na jina lake na nchi yake. Nguo zilipimwa kwa shuka, ambayo ni yadi mbili, na kwa doti, ambayo ni yadi nne. Henry Morton Stanley, alipofika Unguja mwezi wa Januari 1871 ili aende kumtafuta David Livingstone, hakujua hata moja katika mambo haya. Ilimbidi aende kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na uzoefu, akawaulize. Kwa watu 100 na mwaka mmoja, aliambiwa anunue doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Angalia, msomaji, jinsi hesabu hiyo ilivyo. Haikusema tu "nguo nyingi". Ilitaja aina, ikataja kiasi, ikataja na muda.

Kundi la pili lilikuwa shanga, na hapa ndipo wageni wengi walipojikwaa. Richard Burton, aliyesafiri mpaka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kuwa zilikuwapo aina 400 hivi za shanga, kila aina na jina lake, bei yake na mahali ilipopendwa. Stanley naye alifundishwa kwamba shanga nyekundu, zilizoitwa samisami, zilipokewa kwa furaha Unyamwezi, na nyingine zikakataliwa; shanga nyeusi zilikuwa fedha huko Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani; shanga kubwa za mfano wa yai zilitakiwa Ujiji, na kwingineko zilirudishwa. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa na magunia tele ya shanga, na wapagazi wake wakalala na njaa katika nchi yenye chakula kingi. Tena mapendeleo yalibadilika. Shanga iliyotafutwa mwaka huu iliweza kudharauliwa mwaka ujao, na habari hizo zililetwa pwani na misafara iliyorudi. Tajiri asiyewauliza waliorudi alinunua kwa macho yaliyofumbwa.

Kundi la tatu lilikuwa waya wa shaba. Huu nao ulitakiwa kwa unene maalumu, si mwembamba mno wala si mnene mno. Stanley alieleza kwamba shanga zilikuwa mfano wa senti za shaba, nguo mfano wa fedha, na waya, katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika, mfano wa dhahabu. Alishauriwa achukue frasila kumi tu, kwa kuwa mali ya thamani haichukuliwi kwa wingi bila haja.

Mfano mwingine tunao katika nchi yetu ya Kenya. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipofika Taveta, akiwa njiani kwenda Umasaini, ilimlazimu kusimama ili shanga zake zitungwe upya. Wamasai walizitaka katika nyuzi za urefu waliouzoea wao, na zisipokuwa hivyo hawakuzipokea. Shanga zilikuwa nzuri, na kazi ya kiwandani haikuwa na kasoro. Lakini hazikuwa bidhaa kamili mpaka zimefuata kipimo cha mnunuzi. Watu wa msafara wakaketi chini ya miti, wakatunga maelfu ya nyuzi kabla ya kuendelea na safari.

Sasa na tuwatazame wale walioleta mali. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, huko Italia. Kaniki ilitoka Bara Hindi. Merikani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kuletwa kwa majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa mji wa Salem. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulifanywa mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Waters alikuwa mfanyabiashara pia, naye alifanya mapatano na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodi forodha ya Unguja. Mapatano hayo yaliwafaa wote wawili. Jahazi la Waters lilipofika, mnunuzi wa nguo alikuwa tayari, na pembe na sandarusi za kurudi nazo zilikuwa zimekwisha kusanywa. Halikukaa bandarini bure likila gharama. Huo ndio wema wa kuaminiana na mwenye kuleta mali. Lakini jambo hilo lilikuwa na upande wa pili. Wafanyabiashara wengine walinung'unika kwamba mlango umefungwa mbele yao, kwa kuwa mwenye forodha na rafiki yake ndio walioamua nani auze na kwa bei gani. Urafiki wa biashara hufaa. Lakini ukiwa wa siri na ukawafungia wengine njia, hugeuka dhuluma.

Mwaka 1861 yalitokea mambo yaliyoijaribu biashara hii yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, vikaendelea mpaka 1865. Pamba ya majimbo ya kusini haikuvifikia viwanda vya kaskazini kama zamani, na majahazi yaliogopa kunaswa baharini. Merikani ikaadimika Unguja. Watu waliopigana mbali kabisa, wasiojua hata jina la Tabora, waliitia shida posho ya mpagazi wa Tabora. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pale palipokuwa wazi. Vita vilipokwisha, merikani ilirudi, na hesabu ile ya Stanley ya mwaka 1871 yatuonyesha kwamba watu walikuwa hawajaisahau, kizuri chajiuza. Lakini mlango uliofunguliwa haukufungwa tena. Viwanda vya Bombay, vilivyoanza kazi katika miaka ya 1850, vilikuwa karibu zaidi na Unguja, na kabla karne haijaisha nguo yao ilikuwa imeishinda ile ya Marekani. Jina la merikani likabaki katika lugha yetu, hali nguo yenyewe ilitoka kwingine. Hili ni fundisho kubwa: anayetegemea mlango mmoja, siku ukifungwa hana pa kupita.

Haifai, hata hivyo, kuisifu biashara hii bila kusema ukweli wake wote. Mali ilitolewa kwa mkopo, na mkopo ulilipwa kwa pembe. Na pamoja na pembe, watu wengi walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakauzwa kama bidhaa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa amri ya Seyyid Barghash mwaka 1873, lakini kabla ya hapo daftari lile lile lililoandika doti na frasila liliandika pia roho za watu. Ujuzi wa kununua na kupanga ni chombo. Hauwezi kumwambia mwenyewe kipi ni halali kununuliwa na kipi ni haramu. Jambo hilo mtu hana budi kuliamua kwa dhamiri yake.

Misafara ile imekwisha kupita, lakini kazi yake haijapita. Leo anayenunua dawa za hospitali, vitabu vya shule au vyakula vya bweni anafanya kazi ile ile ya tajiri wa Unguja. Hana budi kuigawa mali katika makundi, maana dawa hainunuliwi kwa akili ya kununua kuni. Hana budi kumuuliza atakayeitumia, asije akajaza ghala kwa vitu visivyo na faida. Awatendee haki wanaomletea mali, awalipe kwa wakati, wala asiwe mtumwa wa mmoja wao. Na kila kitu akiandike, kwa kuwa wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari. Mnunuzi akikosea, si yeye atakayelala njaa kwanza, bali ni wale wanaomtegemea, kama walivyolala wapagazi katika nchi yenye chakula, hali magunia ya shanga yamejaa vichwani pao.