Tyneham: kijiji ambacho wenyewe hawakurudi



Sisi tuliorudi tunafikiri wakati mwingine kama kupoteza kijiji ni mambo ya kwetu Congo tu. Hapana. Hata Uingereza kuko watu waliotoka kwao juu ya vita na hawakurudi tena.

Kijiji chao kinaitwa Tyneham. Kiko Dorset, kusini ya Uingereza, ndani ya bonde karibu na bahari. Ni kijiji cha zamani sana: kimeandikwa katika kitabu cha hesabu ya mashamba cha mwaka 1086, ambacho mfalme aliagiza. Kulikuwa kanisa la Mtakatifu Maria, shule ndogo, posta na nyumba za mawe. Lakini udongo ulikuwa wa familia moja, ya Bond. Wengine karibu wote walikuwa wapangaji.

Mwezi wa 11 mwaka 1943, barua ya leta ikawafikia: watoke mbele ya Noeli, juu wasoda wanahitaji mahali pa kujifunza kupiga mizinga ya vifaru. Watu kama 225 wakafunga mizigo. Waliamini kama vita ikiisha watarudi. Kwenye mlango wa kanisa wakaacha karatasi, wakiomba wasoda watunze kanisa na nyumba, kwani siku moja wenyewe watarudi.

Vita ikaisha 1945. Wakangoja. Mwaka 1948 leta ikachukua udongo wote kwa sheria. Mwenye udongo akalipwa. Wapangaji, hata wale ambao wazazi wao walizaliwa pale, walilipwa tu mboga walizoacha bustanini. Hawakuwa na karatasi ya kusimama nayo.

Leo nyumba zimebaki kuta bila paa. Kanisa na shule vingali vimesimama. Siku ambazo wasoda hawapigi, zaidi Jumamosi na Jumapili, wageni wanaruhusiwa kuingia, na vibao vinawaonyesha familia gani ilikaa wapi. Majina hayo hayakupotea, juu yaliandikwa. Toka 1538 parokia za Uingereza ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Daftari ya parokia haikuwarudishia watu wa Tyneham nyumba zao, lakini hakuna mtu anayeweza kusema hawakuwa pale.

Wandugu, ahadi ya mdomo haitoshi, hata ikitoka kwa leta yenye nguvu. Wengi wetu tulikuta mtu mwingine analima shamba letu, na kitu tulichokuwa nacho mkononi ni maneno tu. Basi, wazee wangali hai: tukae nao, tuandike majina ya jirani, mipaka, mito na makaburi. Mwenye kuwa na karatasi ya ubatizo au ya shamba aitengenezee kopi. Kiisha tuziweke pamoja, mbele mvua na panya hazijazimaliza.