Gall, Joseph Grafton

Joseph Grafton Gall (1928–2024) alikuwa mwanabiolojia wa seli wa Marekani, mtafiti wa muundo wa kiini cha seli na wa kromosomu. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1952, akafundisha Minnesota, akarudi Yale mwaka 1964, na kuanzia 1983 alifanya kazi katika Taasisi ya Carnegie, Baltimore.

Nguvu ya utafiti wake ilitokana na kuchagua kiumbe kinachofaa swali lililopo. Kiini cha seli ya kawaida ya mwili hakionekani bila hadubini. Kiini cha yai changa la chura aina ya Xenopus, mwenyeji wa kusini mwa Afrika, kina upana wa karibu nusu milimita, na mtu mwenye mkono mtulivu hukitoa kwa kibano. Humo meiosisi, mgawanyiko unaozalisha seli za uzazi, imesimama kwa muda mrefu, na kromosomu zimejinyoosha, ubavuni zikiwa na vitanzi vingi ambamo jeni zinanakiliwa kuwa RNA. Walther Flemming alikwisha kuziona mwaka 1882. Baadaye zilifananishwa na brashi ya kusafishia chemni ya taa, na jina la kromosomu za brashi ya taa limebaki.

Katika miaka ya 1950 wataalamu walibishana: je, kila kromatidi, yaani kila moja ya nakala mbili za kromosomu iliyojinakili, ni molekuli moja ndefu ya DNA, au ni molekuli nyingi zilizolala sambamba? Gall alizitia kromosomu kama hizo za salamanda kimeng'enya kinachokata DNA, kisha akafuatilia kwa hadubini kasi ya kukatika kwake. Kadiri nyuzi za mahali fulani zinavyokuwa nyingi, ndivyo pale panavyochelewa kuachana. Hesabu ikatoa nyuzi mbili kwa kitanzi na nne kwa mhimili wa kromosomu. Kwa hiyo kitanzi ni molekuli moja tu ya DNA, yenye nyuzi zake mbili zilizosokotana, na mhimili ni kromatidi mbili zilizokaa pamoja. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 1963 katika jarida la Nature, ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya biolojia ya karne ya 20: vyombo vyake vikuu vilikuwa hadubini ya kawaida na saa.

Mwaka 1968 Gall alionyesha kwamba yai changa la Xenopus huzidisha jeni za RNA ya ribosomu nje ya kromosomu. Donald Brown na Igor Dawid walifikia jambo hilohilo wakati uleule. Wingi huo wa jeni ulimpa shabaha rahisi ya kutafuta jeni ndani ya seli. Mwaka uliofuata, yeye na mwanafunzi wake Mary Lou Pardue waliziachanisha nyuzi za DNA juu ya kioo cha hadubini, wakaweka RNA yenye mnururisho ijitafutie jeni inayolingana nayo, na filamu ikaonyesha ilipotua. Kwa mara ya kwanza jeni ilionekana mahali pake ndani ya seli. Siku hizi rangi zinazong'aa zimechukua nafasi ya mnururisho, na hospitali hutumia mbinu hiyo kutambua kasoro za kromosomu na aina kadhaa za saratani.

Pardue hakuwa mwanamke pekee katika maabara hiyo. Wakati ambapo idara nyingi za sayansi Marekani ziliwafungia wanawake milango, Gall aliwapokea na kuwaachia kazi nzito; Joan Steitz na Susan Gerbi nao walipitia kwake. Elizabeth Blackburn alikuja Yale katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1978 yeye na Gall walichapisha mfuatano wa DNA unaojirudia kwenye ncha za kromosomu ndogo za Tetrahymena, kiumbe cha seli moja. Huo ulikuwa mwanzo wa utafiti wa telomea, yaani ncha hizo za kromosomu, kwa kiwango cha molekuli, uliompatia Blackburn, pamoja na Carol Greider na Jack Szostak, Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Gall mwenyewe hakupata Nobel. Alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2006, na jina lake linastahili kutajwa kila historia ya telomea inapoandikwa.