Uzalishaji ndani ya ERP: Mambo ya kujua kabla hujanunua programu

Karakana imepata oda ya madawati 120 ya shule, na mzigo unatakiwa tarehe 30. Je, skwea paipu, mbao na skrubu zilizopo stoo zinatosha? Mafundi watamaliza kwa wakati? Wengi hujibu kwa kukisia. Wakikosea wanachelewesha mzigo na kupoteza mteja, au wanajaza stoo chuma kinachoota kutu huku hela ya mishahara imelala humo.

Maswali hayo ndiyo yanayojibiwa na sehemu ya uzalishaji kwenye programu za kupanga biashara, maarufu kama ERP. Ziko nyingi: SAP ya Ujerumani, Odoo ya Ubelgiji, ERPNext ya India. Skrini zinatofautiana, ila mambo ya msingi ni yaleyale.

Orodha ya malighafi

Kwenye programu nyingi utaiona kwa herufi BOM. Ni kama mapishi: dawati moja linakula nini na kiasi gani. Tuseme mita 7.5 za paipu, mbao 3, skrubu 16 na robo lita ya rangi.

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi wanaporukaruka. Orodha ikisema skrubu 16 wakati fundi anafunga 20, kila hesabu inayofuata itakuwa ya uongo, hata programu iwe ya bei gani. Vipande vya paipu vinavyotupwa baada ya kukata navyo viingizwe. Dawati lenye sehemu zinazotengenezwa kivyake, mfano fremu, linaweza kuwa na orodha ndani ya orodha.

Hesabu ya mahitaji

Joseph Orlicky, mtaalamu wa IBM aliyetoa kitabu kuhusu njia hii mwaka 1975, alisisitiza jambo moja rahisi: kinachokisiwa ni bidhaa anayonunua mteja. Malighafi haikisiwi, inapigiwa hesabu. Njia hiyo inaitwa MRP, na ndiyo iliyozaa ERP, jina lililoanza kutumiwa na kampuni ya Gartner mwaka 1990.

Turudi kwenye madawati. Madawati 120 mara mita 7.5 ni mita 900, sawa na paipu 150 za mita 6. Ongeza asilimia 4 ya vipande vinavyopotea, zinakuwa 156. Stoo zimo 40, lakini 15 zimeshawekewa oda nyingine, kwa hiyo zilizo huru ni 25. Zingine 30 zimeshaagizwa na ziko njiani. Za kununua ni 101.

Mtu anayeangalia stoo kwa macho ataona 40 na kuzihesabu zote. Paipu 15 zitakosekana, na atagundua katikati ya kazi.

Vituo vya kazi na siku

Programu inahitaji pia kujua njia ya kazi: kukata, kuchomelea, kupiga rangi, kufunga mbao. Kila hatua ina kituo chake na uwezo wake kwa siku. Kama wachomeleaji wanatoa fremu 12 kwa siku na mpiga rangi anamaliza 30, karakana hii inatoa 12. Kununua mashine mpya ya rangi hakutaongeza hata dawati moja.

Kuchomelea kutachukua siku 10, na kundi la mwisho litapigwa rangi na kufungwa mbao siku ya 11. Ili mzigo uwe tayari tarehe 29 jioni, kazi ianze tarehe 19. Muuzaji wa paipu anachukua siku 7 kuleta, basi oda yake itoke tarehe 11, zifike tarehe 18. Na hapo Jumapili hazijatolewa. Kalenda ya kazi isipojazwa, mashine inaamini mafundi hawapumziki.

Kuna mtego mwingine: MRP ya kawaida haiangalii kama kituo kimejaa. Inaweza kupanga fremu 40 siku moja kwa wachomeleaji wa fremu 12, bila kulalamika. Kupanga kwa kufuata uwezo wa kituo ni hatua nyingine, ambayo mara nyingi inabidi uiwashe mwenyewe.

Oda ya uzalishaji

Hii ndiyo karatasi ya kazi: tengeneza nini, ngapi, lini. Ikifunguliwa, malighafi inatengwa. Kazi ikianza, gharama zinahesabiwa kwenye mali isiyokamilika. Ikifungwa, madawati yanaingia stoo yakiwa na gharama yake.

Malighafi inaweza kutolewa stoo kwa njia mbili. Mtunza stoo anaandika kila anachotoa, au programu inakata yenyewe kwa kufuata orodha pale kazi inapokamilika. Ya pili inapendwa kwa sababu haina usumbufu, na kwa skrubu na gundi inafaa sana. Kwa vitu vya bei kubwa ni hatari. Programu itaandika paipu 156 zimetumika hata kama zimetoka 170, na zile 14 zitaonekana siku ya kuhesabu stoo tu, wakati hakuna anayekumbuka kama fundi alikata vibaya, zilikuja fupi au zilipita mlango wa nyuma.