Zege halina shida, shida iko chini yake

Mto Mbarang'andu wa Namtumbo ukiuona kiangazi utasema ni mpole. Subiri mvua zikolee. Ukingo unamegeka, na udongo unaondoka na maji kwenda Luwegu, kisha Rufiji. Udongo huo ni shamba la mtu.

Sasa, wengi tukiona hivyo tunasema: si wamwage zege tu? Hebu tuone waliojaribu kabla yetu walijifunza nini.

Kwenye Mto Mississippi, wahandisi wa jeshi la Marekani walianza kwa kutandika kingo mikeka ya matawi. Miaka ya 1910 wakageukia mikeka ya vipande vya zege vilivyofungwa kwa waya. Kwa nini vipande, si ukuta mmoja? Kwa sababu ukingo hutitia. Ukuta mgumu hupasuka, lakini mkeka hujikunja na kuufuata udongo.

Likabaki swali: bloku ipi inahimili maji ya kasi gani? Majibu mazuri yalikuja miaka ya 1980. Uingereza walifanya majaribio kwenye bwawa la Jackhouse, Lancashire, na ripoti ikatoka 1987. Mwaka 1988 watafiti Clopper na Chen wakachapisha majaribio ya Marekani. Njia yenyewe ni rahisi kuielewa: unajenga tuta, unapanga bloku juu yake, unapitisha maji, unaongeza nguvu hatua kwa hatua mpaka zishindwe. Mwaka 2008 shirika la viwango la ASTM likaweka utaratibu rasmi wa kupima hivyo.

Na zinashindwaje? Mara nyingi bloku haivunjiki, bali inanyanyuka. Ndiyo maana wapimaji huhesabu kwamba mfumo umeshindwa pale tu bloku inapoachana na udongo ulio chini yake, hata kama zege bado ni zima. Maji yakipenya na kuchota udongo, bloku inabaki inaning'inia. Ikichomoza kidogo kuliko jirani yake, maji yanaigonga usoni na kuing'oa, kisha zinafuata nyingine.

Kwa hiyo siku mradi wa bloku ukija kijijini kwenu, usiishie kugonga zege kuona kama ni gumu. Muulize fundi maswali matatu. Chini umetandika nini cha kuzuia udongo usichotwe? Kingo za mkeka umezifukia wapi? Na bloku hizi zilipimwa kwa maji ya kasi gani?

Akikosa jibu la swali la kwanza, mto utalijibu masika.